Wikendi kusini mwa Unguja: tazama mwezi kabla hujakata tiketi

Mtu wa Dar akikwambia anakwenda Zanzibar wikendi, mara nyingi anakusudia Nungwi au Kendwa, au atazunguka Mji Mkongwe, ale urojo, arudi zake. Sina ugomvi na Nungwi. Kule kaskazini maji hayaendi mbali, mgeni akiamka saa yoyote anakuta bahari ipo, na hoteli zimerundikana huko kwa sababu hiyo hiyo. Huku kusini, kuanzia Unguja Ukuu na Uzi mpaka Kizimkazi, Makunduchi na Jambiani, mwenye ratiba ni maji. Wapo wanaoteremka Jambiani saa nne asubuhi na taulo begani, wakakuta mchanga na majani ya bahari mpaka kule kwenye mwamba, bahari yenyewe mstari wa povu tu, wakaanza kulalamika kuwa picha za mtandaoni ni za uongo. Picha ni za kweli. Zilipigwa saa kumi jioni.

Maelezo haya ni ya mtu anayetoka kazini Ijumaa na kutakiwa kazini Jumatatu, hana gari ya kukodi wala haja ya hoteli ya bei kubwa. Wakaazi wa Mjini Unguja wayatumie pia, waruke tu habari ya boti.

Hatua ya 1: Hesabu mwezi

Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, zile zinazotundikwa ukutani, uone Jumamosi unayoitaka imeangukia mwezi ngapi, yaani tarehe ya ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na nguvu yake hasa huja siku moja mbili baadaye: tuseme mwezi pili hadi mwezi nne, kisha tena mwezi kumi na sita hadi kumi na nane. Maji mafu hukaa katikati, kwenye mwezi nane au tisa, na mwezi ishirini na tatu au na nne.

Ukishajua hilo, saa unazijua bila kuuliza mtu. Siku za bamvua, maji ya Unguja hujaa alfajiri karibu saa kumi, hupwa kabisa saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa tena saa kumi au kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji yamejaa saa nne asubuhi, yamepwa saa kumi jioni, ila kujaa si kujaa sana na kupwa si kupwa sana. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Kwa hiyo Jumamosi maji yakipwa saa nne na nusu, Jumapili yatapwa saa tano na dakika ishirini hivi.

Si jambo dogo. Bamvua kubwa, tofauti ya maji makavu na maji makuu inafika mita nne hivi. Za Machi na Septemba ndizo kubwa kupita zote. Kama kalenda ya ukutani huna, zipo programu za simu zinazoonyesha majira ya maji, chagua Zanzibar. Ukifika kijijini, hata hivyo, msikilize mvuvi kuliko simu. Simu haijui kama upepo umeyashikilia maji.

Na upepo una mahesabu yake. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kusi, bahari ya kusini inachafuka na boti ya kutoka Dar inarusha watu matumbo. Kaskazi, kati ya Disemba na Februari, kuna joto lakini bahari ya upande huu hutulia zaidi. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, mimi siendi: njia za ndani ya vijiji ni matope na huwezi kutembea mwambani na radi juu ya kichwa.

Ukiniuliza ipi bora kati ya wikendi mbili hizi, nitakwambia bamvua, bila kufikiri. Maji mafu ni ya wenye watoto wadogo na wanaotaka kuogelea tu.

Hatua ya 2: Vuka Ijumaa jioni

Boti ya kasi kutoka Dar hutumia kama saa mbili. Kata tiketi ya kwenda na kurudi kwa pamoja, mtandaoni au kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, mapema katika wiki. Jumapili jioni boti hujaa, na ndipo wapiga debe wa bandarini wanapopata riziki. Usimpe pesa mtu anayekukimbilia nje ya geti akisema "njoo huku kaka, za huku bei nafuu". Beba kitambulisho halisi, si picha kwenye simu, na jina la kwenye tiketi lilingane nacho. Fika saa nzima kabla. Kama tumbo lako si la baharini, meza dawa nusu saa kabla ya kupanda, kaa nyuma na chini, na acha simu mfukoni.

Toa pesa taslimu mjini. Mashine za benki kusini ni chache, ingawa mawakala wa pesa za simu wapo karibu kila kijiji.

Ijumaa hiyo lala mjini. Gari za kusini huwa zimeshakwisha au zinakaribia kwisha ukifika, na kukodi teksi usiku mpaka Makunduchi ni kuanza wikendi kwa hasara. Tafuta nyumba ya wageni Malindi au Vuga, kula, lala mapema.

Hatua ya 3: Panda gari ya kusini asubuhi

Huku daladala tunaita gari, na gari za shamba, yaani za vijijini, zinajulikana kwa namba: 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 326 Kizimkazi. Vituo vya kupakia vimehamahama miaka ya karibuni, kwa hiyo usifuate maelezo ya zamani yanayokutuma Darajani. Muulize mwenye nyumba ya wageni usiku ule ule: "Gari za Makunduchi siku hizi zinapakia wapi?" Mtu wa mjini anajua.

Ondoka saa kumi na mbili na nusu, saa moja usipitishe. Safari ni kama saa mbili, kwa sababu gari inasimama kwa kila anayenyoosha mkono, na paa linapakia kila kitu: magunia ya mchele, godoro, kapu la mkate, baiskeli. Njia inapita Tunguu, inaingia kwenye kivuli cha Jozani, halafu Kitogani inagawanyika. Kushoto ni Paje na Jambiani, kusonga mbele ni Muyuni, kisha Kizimkazi na Makunduchi. Unapoingia garini toa salamu kwa wote. Ukikaa karibu na bibi mwenye kapu, utaulizwa unatoka wapi, unakwenda kwa nani. Jibu vizuri. Mara nyingi maswali hayo ndiyo yanayokupatia pa kula mchana.

Hatua ya 4: Wikendi ya bamvua

Jumamosi ni ya Makunduchi au Jambiani. Mimi huelekeza watu Makunduchi, kwa kuwa Jambiani imeshajua watalii na bei zake zimejua pia. Makunduchi ni mji wa shamba hasa, na una kioja chake: maghorofa ya zama za Mzee Karume yaliyosimama katikati ya minazi, kama vipande vya maghorofa ya Michenzani ya mjini vilivyopotea njia.

Saa mbili na nusu au saa tatu uwe umeshafika ufuoni. Vaa viatu vya plastiki, yeboyebo zinatosha. Usiende peku, kwani mwambani kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu, na mwiba wao ukivunjikia unyayoni wikendi imekwisha. Valia kofia, beba maji ya kunywa, na umtafute kijana au mama wa hapo akuongoze. Kubalianeni malipo kabla. Mwenyeji anajua mkondo uko wapi, na muhimu zaidi, anajua saa ya kugeuza. Maji ya bamvua yanaporudi hayaji kutoka mbele peke yake. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, ukaja kushtuka uko kwenye kisiwa cha mchanga.

Njiani utapita mashamba ya mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza pwani hii ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na walioubeba hadi leo ni wanawake. Simama umwangalie mmoja anavyofanya kazi. Amechutama maji yakimfika vifundoni, mbele yake kamba imenyooshwa kati ya vijiti viwili vilivyopigiliwa mchangani. Kwenye kamba, kila baada ya shubiri, kuna kikamba kidogo wanachokiita taitai. Anachopoa kichane cha mwani kutoka kwenye kiroba, anakilaza juu ya kamba, anapitisha taitai, fundo moja, anajivuta mbele kwa makalio bila kuinuka. Kichane hicho kikikaa wiki sita hivi kitakuwa kichaka cha kuvunwa na kuanikwa. Ana saa tatu tu kabla maji hayajarudi, kwa hiyo usimsimamishe kwa mahojiano. Mwamkie, "Shikamoo mama, pole na kazi," na kama anataka kuzungumza atazungumza huku mikono inakwenda. Picha, omba kwanza. Na usikanyage kamba!

Wengi wao watakwambia aina ya kotonii, iliyokuwa na bei nzuri, siku hizi inakufa kwa joto la maji, wamebaki na spinosum yenye bei ya chini. Ndiyo maana wengine wameingia kwenye kutengeneza sabuni na mafuta ya mwani. Ukitaka zawadi ya kurudi nayo, nunua hiyo kwao, moja kwa moja.

Kule ukingoni mwa mwamba utaona watu na vijiti vyao wakitafuta pweza mashimoni. Usijitie kuchokoa. Vipo vijiji vinavyofunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na mgeni hawezi kujua ipi imefungwa na ipi iko wazi.

Saa tano na nusu geuka. Kula, lala kidogo, kisha saa tisa na nusu rudi ufuoni: bahari ile ile uliyoitembelea kwa miguu asubuhi imekuja mpaka kwenye minazi. Ogelea hadi magharibi.

Jumapili ya bamvua nenda Uzi. Hiki ni kisiwa cha upande wa magharibi, jirani na Unguja Ukuu, na njia yake ya asili ni tuta la mawe la kama kilomita mbili linalokatiza mikokoni, ambalo maji yakijaa linazama. Serikali imeanzisha ujenzi wa daraja hapo, kwa hiyo ukiwa mjini au Unguja Ukuu ulizia wiki hiyo watu wanapita wapi. Kwa njia ya mawe, hesabu ni hii: maji yanapwa karibu saa tano na robo, ingia saa tatu, na saa saba mchana uwe umeshatoka. Ukichelewa, unalala Uzi ukipenda usipende.

Kwenda kwa miguu ni bora kuliko kwa gari. Mawe yanateleza, gari yenyewe huenda mwendo wa kobe ikiyumba huku na huku, na ukiwa ndani hakuna unachokiona. Kwa miguu utasikia kaa wakichakarika kwenye mizizi ya mikoko, utakutana na wanafunzi, na wanawake wenye vindoo vya chaza kichwani. Kisiwani humo wapo pia kima punju, na kuna vijiji viwili, Uzi na Ng'ambwa. Usitarajie mkahawa. Ukipata chai na mihogo ya nazi barazani kwa mtu, umepata kitu kizuri kabisa cha wikendi hiyo. Lipa, na akikataa pesa, nunua sukari dukani umpelekee.

Unguja Ukuu yenyewe ipitie kama muda upo. Palikuwa na bandari ya biashara zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na wachimbuaji wamekuta hapo vigae vilivyotoka mpaka Uchina. Kwa macho ya kawaida hakuna cha kuona zaidi ya ufuo na mashamba, nakwambia mapema.

Hatua ya 5: Wikendi ya maji mafu

Hii nenda Kizimkazi. Maji yapo asubuhi, hayakimbii mbali, na watoto wanaweza kucheza ukingoni bila wasiwasi.

Kizimkazi ziko mbili, Dimbani na Mkunguni, waambie kwenye gari unateremka ipi. Dimbani ndiko uliko msikiti wa kale. Ukiuona kwa nje utaupita: kuta nyeupe, paa la bati. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Jengo limefanyiwa ukarabati mkubwa karne ya 18, lakini maandishi yale ni ya zamani zile, na hakuna mengi ya umri huo pwani yote ya Afrika Mashariki. Watu wanaswali humo hadi leo. Mtafute msimamizi, vua viatu, wanawake wajitande, msiingie wakati wa swala. Toa sadaka kwenye sanduku.

Kuhusu pomboo, hapa nitasema ninavyoona. Boti saba nane zikizunguka kundi moja, watu wakirushwa majini juu ya vichwa vya wanyama, hiyo si safari ya kulipia. Kama lazima uende, toka alfajiri na nahodha mmoja anayekubali kuzima mashine akiwa mbali na kuwaacha waje wenyewe, na mwambie hivyo kabla ya kumpa kianzio. Bahari ya hapa, Ghuba ya Menai, ni eneo la hifadhi tangu 1997, una haki ya kudai taratibu zifuatwe. Miezi ya kusi acha kabisa.

Jumapili, ukirudi mjini, teremka Jozani. Gari zinapita langoni. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni, onyesha kitambulisho. Kima punju wa hapa hawaogopi watu, wanakaa juu ya vichaka vya pembeni mwa barabara wakila majani ya miembe na mikungu. Wale walio karibu na mashamba huiba na makaa ya wenyewe, wakayatafuna, kwa sababu makaa yanapunguza sumu iliyomo kwenye majani hayo. Kaa mbali nao hatua tatu nne, usiwape kitu. Baada ya msitu, vuka barabara uende kwenye njia ya mbao ndani ya mikoko: siku za maji mafu, karibu saa tano asubuhi, bado kuna maji chini ya mizizi na samaki wadogo wanaonekana. Saa mbili zinatosha kwa yote.

Kulala, kula na adabu

Jambiani vyumba vipo vya kila bei. Makunduchi na Kizimkazi ni vichache, piga simu kabla. Julai, wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, Makunduchi inajaa watu kutoka kila pembe. Wikendi hiyo weka chumba miezi kabla au lala Jambiani.

Chakula cha mchana kijijini kinaagizwa asubuhi. Hakuna anayekaa na wali wa nazi na pweza wa kupaka akisubiri mteja ambaye hajulikani. Sema saa tatu, utakula saa saba. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, na migahawa ya wenyeji itakuwa imefungwa. Kama huliwezi hilo subiri Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani.

Nguo za kuogelea ziishie ufuoni. Ukivuka minazi kuingia kijijini, dada ajifunge kanga, kaka avae fulana na suruali ya kufika magotini au zaidi. Pombe vijijini, sahau.

Hatua ya 6: Kurudi

Jumapili, popote ulipo, saa nane mchana uwe ndani ya gari inayoelekea mjini. Gari za shamba hupungua jioni za Jumapili, na bandarini wanafunga mlango kabla ya boti kung'oa nanga, hawasubiri mtu. Anayetoka Uzi ana nafasi nzuri kuliko wote kwa kuwa maji yameshamtoa saa saba.

Miezi ya kusi fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa tangu Jumamosi. Wakitangaza upepo mkali boti husitishwa, na anayefika mapema ofisi ya tiketi ndiye anayepata nafasi ya kwanza kubadilishiwa. Ukikosa ya jioni, boti ya kwanza ya Jumatatu huondoka karibu saa moja asubuhi na kukuteremsha Dar karibu saa tatu, kwa hiyo tuma ujumbe kazini usiku ule ule.